Mwaka wa Redio ya Tata

Tshibola alipoingia nyumbani kwangu mwezi uliopita, hakutazama viti wala picha za wajukuu ukutani. Alitazama rafu iliyo kando ya dirisha, akasema, "Muko nayo mpaka leo." Nikajua anaizungumzia redio. Nilikuwa sijamwona tangu siku alipopanda behewa la wazi akiwa msichana, sufuria ya mama yake kichwani, na sasa alikuwa mama mzito mwenye miwani, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kasai kuja Kolwezi kutafuta wateja. Nilimwekea maji ya kunawa. Alikuwa bado ananawa aliponiambia kwamba Kalala, kaka yake, amefariki, ni kifua kilichomchukua. Nikarudi jikoni kusonga bukari, yaani ugali, ambayo ilikuwa imekwisha kuiva. Baadaye, tukiwa tunakula, akanisimulia jambo jingine, dogo kuliko kifo, na jambo hilo ndilo lililonikalisha hapa niandike. Nitalifikia mahali pake. Kwanza sina budi kuueleza ule mwaka, na huwezi kuuelewa ule mwaka bila kuielewa ile redio.

Ilikuwa redio ya taa, ya zile za kizamani: sanduku la mbao iliyong'arishwa, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele, na jicho dogo la kijani lililofumba polepole stesheni ilipoingia sawasawa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuifungua redio ya namna hiyo, ndani mna taa za kioo zinazowaka wekundu hafifu, na ni lazima uzingoje zipate moto ndipo isikike sauti. Tata, yaani baba yangu, aliinunua akiwa kijana. Ilikufa wakati wa vita vya Shaba, mkoa wetu, ikakaa miaka mingi chini ya kitambaa cha kufumwa, juu yake chupa yenye maua ya plastiki. Mwaka ninaousimulia nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaïre, ingawa ilikuwa imebaki miaka michache tu ya jina hilo. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi. Kalala alikuwa fundi umeme wa karakana ya mgodi, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyonuka sabuni ya mchanga ya kazini. Tulikuwa tumekubaliana, naye akaleta wazee wake nyumbani kwetu.

Nakumbuka walivyoketi kwenye ukumbi wetu mdogo, magoti yakikaribia kugusana. Kalala na watu wake walikuwa wa Kasai, sisi ni Walunda wa Musumba, na kila upande ulikuwa umejiandaa kwa adabu nyingi. Tata akavunja ugumu ule kwa kumsalimu Kalala kwa lugha ya kwao: "Moyo webe." Kalala alishtuka, akacheka. Mama akaeleza kwamba tata alifanya kazi ya reli maisha yake yote, akitunza zile nyaya za juu zinazoipa treni umeme, na nusu ya wenzake ngazini walikuwa watu wa Kasai, mpaka alipoanguka na goti lake likakataa kukunjwa. Mali ya ndoa ikatajwa: mbuzi, blanketi, vitenge vya mama, suti. Kwenye mtaa wetu ilikuwa desturi baba wa msichana ataje kitu kimoja kwa mdomo wake mwenyewe, kitu cha roho yake. Wote wakamgeukia.

"Mbuzi mutaongea na bandugu yangu," tata alisema. "Mi, kitu yangu ni moja. Ile redio. Siku itasema wazi, bila kelele, siku ile muko wangu atakamata bibi yake."

Muko ni mkwe. Alikuwa tayari anamwita hivyo, nami nikafurahi moyoni.

"Tata," mjomba wa Kalala akasema, "na kama inakatala? Ile muzee iko na miaka kupita muko mwenyewe."

"Njo maana. Mutu anaweza kuchunga muzee, anaweza kuchunga mutoto yangu."

Watu walicheka, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukapitishwa, na Kalala akaiangalia redio kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyenunuliwa kwa bei nafuu kuliko alivyotarajia. Tulidhani ni kazi ya majuma machache.

Alikuja kila alasiri baada ya kazi. Tuliiweka redio juu ya meza ya kulia, mgongo wake umefunguliwa, na chumba chote kikanuka vumbi lililopashwa moto na risasi ya kulehemia. Mama alipita na sufuria yake ya sombe, yaani kisamvu, akilalamika kwamba meza yake imekuwa karakana, kisha akatuwekea sahani ukingoni. Yeye aliita bukari, Kalala aliita nshima, wakabishana kila siku juu ya jina la chakula kilekile wakikimaliza. Mimi nilishika taa ya mkononi mwanzoni, halafu Kalala akanipa koleo, halafu akanifundisha kulehemu. Alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi niliyelipwa kufundisha. Nilipoharibu alisema, "Haizuru, mama mwalimu. Rudilia."

Kama nawe unayo redio ya namna hiyo na inalia, usiogope, na usikimbilie kubadilisha vitu. Izime, chomoa waya wa umeme, ungoje, kwa sababu ndani yake umeme hubaki umejificha na unaweza kukurusha. Ukiwasha tena, iulize swali la Kalala: zungusha kitufe cha sauti mpaka chini kabisa. Kelele ikibaki palepale ingawa sauti imefungwa, basi inatoka ndani, pale redio inapokula umeme. Kelele ikipotea pamoja na sauti, basi inaingia mapema zaidi, kwenye njia inayopita stesheni. Swali hilo moja litakuokolea siku nyingi. Redio ya tata ilipowashwa mara ya kwanza ilitoa ngurumo nzito, kama lori lililosimama na injini yake inawaka. Tukafunga sauti, ngurumo ikabaki. Kalala akaonyesha kikopo cha alumini kilichovimba. Kinaitwa kondansateri, na kazi yake ni kuutuliza umeme kama mtungi unavyoyatuliza maji yenye matope. Hicho kilikuwa kimekauka. Alikwenda Musonoi kwa miguu kwa watu wa bendi moja ya baa ambao kipaza sauti chao kilikuwa kimeungua, akarudi na viwili vizima vimefungwa kwenye gazeti. Tulipovilehemu, ngurumo ikaisha, na mtu fulani akasikika anasoma habari kwa Kifaransa mezani petu. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi.

Ikabaki kelele ya pili, mtetemo wa mbao. Ukiweka kiganja juu ya sanduku ulihisi kama paka anayekoroma. Hizo ni sahani za chuma za transfo, kile kigeuza umeme, zimelegea na zinagongana. Kalala alikaza boliti zake, kisha akadondosha nta ya mshumaa katikati ya sahani ili zishikane.

"Mushumaa ya kanisa?" mama aliuliza. "Utamubatiza pia?"

"Mama, huyu alibatizwa zamani. Minamupa paka mafuta ya wagonjwa." Paka, kwa usemi wetu, ni "tu".

Hapo ndipo tulipodhani tumemaliza, na hapo ndipo ilipokuja kelele ya tatu. Ilikuwa mvumo mkavu, kama nyuki ndani ya chupa. Haikuwapo kila wakati. Redio ilisema safi kabisa, jicho la kijani limefumba vizuri, ndipo nyuki wakaingia taratibu, wakaongezeka mpaka maneno yakazama, wakakaa, kisha wakaondoka walivyokuja. Tulifunga sauti: walinyamaza. Basi, kwa swali letu, waliingia kwenye njia ya stesheni. Kalala aligonga kila taa kwa penseli ili asikie ipi inalalamika. Alisafisha miguu ya taa kwa msasa. Alibadilisha taa moja kwa nyingine aliyoitafuta mpaka kwa wafanyakazi wa bwawa la Nzilo. Alichomoa antena, na nyuki wakanyamaza, lakini stesheni nayo ikanyamaza. "Hii haionyeshe kitu," alisema. "Mutu kiziwi pia hasikiye kelele." Ilikuwa hoja nzuri. Nimekuja kuona kwamba hoja nzuri inayofunga mlango ni hatari kuliko hoja mbaya.

Na tata ndiye aliyekuwa mwamuzi. Aliketi uani, mguu wake mgumu umenyooshwa juu ya kigoda, na redio ikisema vizuri nilimwita: "Tata, kuya usikie, iko safi." Alijibu kwamba ananawa mikono. Kisha alimalizia munkoyo wake. Kisha akasugua goti. Hakuwa na saa ya mkononi, hakuwahi kuwa nayo. Mwishowe aliinuka, akaja, akaketi kwenye kiti chake, akainamisha kichwa. Mtu wa habari alisoma maneno kadhaa kwa sauti nyeupe kama maji. Halafu nyuki.

"Iko inalia, muko," tata alisema, kwa upole, kama daktari. Akarudi uani.

Muda mfupi baadaye kuta zilianza kutetemeka, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kando ya reli na treni ilipita nyuma ya jiko. Mama alipiga kelele tuizime kabla taa zake hazijapasuka, nasi tukaizima. Siku zote tuliizima. Mtu aliyekua kando ya reli hasikii treni tena. Anashika tu vikombe visianguke.

Wazo la antena ndefu lilikuwa la Kalala, nami nililipenda. Alisema stesheni ikiingia kwa nguvu zaidi, itawafunika nyuki. Sisi ni watu wa shaba. Shaba ilikuwa inatoka ardhini mwetu, ikipita mbele yetu kwa mabehewa, na kila nyumba ilikuwa na kipande cha waya mwekundu mzuri uliobaki mahali fulani, ukifunga mlango wa kuku au kuanika nguo. Hatukuweza kuamini kwamba kuna tatizo la umeme ambalo shaba zaidi haiwezi kuliponya. Tukakusanya kwa majirani, tukaunganisha vipande, tukaunyoosha waya kutoka dirishani, juu ya jiko, kisha sambamba na reli, mpaka kwenye nguzo ya zamani ya ishara. Watu walisimama kututazama. Tata naye alitoka kutazama, amejiegemeza kwenye fimbo. Alifuata waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Ni murefu," alisema.

"Ndiyo, tata. Sasa itasikia mpaka Ulaya."

"Itasikia," tata akajibu. Jioni ile stesheni ziliingia kama watu walio chumbani. Na nyuki waliingia kama kundi zima.

Wakati huohuo kulikuwa na maneno mengine mtaani. Yalianza sokoni, wanawake wakiacha kuuziana, kisha kwenye foleni ya maji, kisha kwenye redio zenyewe: kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Wengi wao hawakuwa wameiona Kasai. Babu zao waliletwa kuchimba shaba kabla sisi hatujazaliwa, na walikuwa wanazungumza Kiswahili chetu, wanazika makaburini kwetu. Darasani mwangu madawati yalianza kuwa wazi, mtoto mmoja mmoja, na waliobaki walijisogeza kuyajaza bila kuambiwa. Kalala aliambiwa asirudi kazini. Mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba yao, na mama yake akachukua sufuria na blanketi, akaenda kulala kwenye uwanja wa stesheni pamoja na mamia ya wengine waliongoja treni. Kalala aliwatengenezea kibanda cha turubai. Na alasiri, akitoka huko ambako mama yake alilala chini, alikuja kwetu na koleo lake mfukoni, akafungua mgongo wa redio.

Ilinichoma kuona hivyo. Mama alimfungia bukari kwenye kitambaa na kumwambia, "Bebeleya mama yako," naye alisema asante, akaendelea kugonga taa kwa penseli. Siku moja aliacha kugonga, akatoka uani, akapiga magoti mbele ya tata.

"Tata, nilitengeneza mbili. Imebakia moja. Mutupe ruhusa sasa, mbele treni ikuye. Kelele nitaimaliza nyuma."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona mkono wa tata ukitembea juu ya goti.

"Maneno yetu ilikuwa ya redio," alisema. "Mi sikubadirisha. Weye pia usibadirishe."

Kalala aliinuka, akapangusa suruali, akasema, "Ndiyo, tata." Nilitaka abishe. Nilitaka apige meza. Lakini alilelewa kuheshimu neno lililosemwa mbele ya wazee, na nadhani lile neno ndilo kitu pekee kilichobaki mahali pake katika maisha yake mwaka ule. Siku hiyohiyo, nikiosha vyombo, nilimsikia mama akimwambia tata upande wa pili wa ukuta: "Unamutesa mutoto ya batu." Na tata akajibu, "Simutese. Minachelewesha paka." Nilifikiri anamaanisha kwamba maneno ya mtaani yatapita, na anataka harusi ingoje utulivu. Nililichukua kama neno la wema. Hata leo, nikiligeuza huku na huku, upande mmoja wake bado ni wa wema.

Treni ilikuja asubuhi ya mvua nyembamba. Nilikwenda stesheni na begi langu la nguo, nimeficha ndani ya kikapu chini ya mihogo. Watu walikuwa wanapandisha magodoro, mbuzi, wazee, mlango wa nyumba ambao mtu fulani alikuwa ameubandua na hakutaka kuuacha. Tshibola alikuwa amekwisha kupanda, sufuria kichwani kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Kalala aliliona begi. Alilitoa kikapuni, akalifuta maji, akanirudishia.

"Sitakubeba kama mwizi," alisema. "Baba yako alinipa kazi. Nikimaliza, nitakuya kukukamata mukati ya muchana, batu bote banaona."

"Utaimaliza namna gani, na redio iko huku?"

"Sijue." Akanipa koleo lake. "Weye uliza ile swali. Mi pia nitakuwa nauliza. Nitapita ku communiqué."

Communiqué zilikuwa simu yetu. Watu waliandikia stesheni ya redio, na kila alasiri msomaji alisoma: fulani amefariki, fulani amefika salama, fulani anaombwa arudi nyumbani haraka. Mkoa mzima ulisikiliza maisha ya mkoa mzima. Nilimwambia nitasikiliza stesheni ya Kasai kila siku. Mashine ya treni ikavuta. Hakupunga mkono, kwa sababu alikuwa anawashika mama yake na dada yake wasianguke.

Nilisikiliza. Nilitoka shuleni, nikawasha, nikangoja taa zipate moto, nikatafuta sauti ile ya mbali mpaka jicho la kijani likafumba. Mara nyingi nyuki walikuja saa ileile ya communiqué. Niliweka sikio kwenye kitambaa cha dhahabu, nikiyashika maneno kama mtu anayeokota mchele kwenye mchanga. Nilifungua mgongo wa redio kwa koleo la Kalala, nikagonga, nikasafisha, nikauliza swali. Nilikuwa najua sasa kila kitu kilichomo ndani yake, na hakuna kilichokuwa kibovu. Mama aliacha kuniita kula. Alileta sahani na kuiweka ukingoni, kama zamani.

Alasiri moja nilisikia kitu kikigonga ukuta wa nje. Nilitoka. Tata, na mguu wake ule, alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa ameikata antena yetu kutoka nguzo ya ishara na kuukunja ule waya mrefu begani, na sasa alikuwa anafunga kipande kifupi kwenye pembe ya paa, kuelekea upande mwingine, juu ya bustani ya lengalenga, yaani mchicha, kikiipa reli mgongo. Nilishika ngazi. Hakunitazama. Alishuka, akaingia, akawasha redio, akaketi. Tulingoja. Treni ya madini ikaja, vikombe vikalia rafuni, mama akapiga kelele tuizime, na kwa mara ya kwanza hatukuizima. Msomaji aliendelea kusoma, neno baada ya neno. Nyuki walikuwa wamebaki wachache sana, mbali, kama wa bustani ya jirani.

Naomba nieleze, ili usikae gizani kama nilivyokaa. Mashine ya treni ya umeme, ikivuta kwa nguvu, huchafua ule waya wa juu kwa mvumo, na mvumo hutembea kwenye waya mbele ya treni, maili nyingi kabla masikio hayajaisikia. Antena inayokwenda sambamba na waya huo huunywa wote. Antena inayoupa mgongo hunywa kidogo tu. Redio ya tata ilikuwa imekwisha kupona siku ile ya mshumaa.

"Tata," nilisema, "ulijua."

"Nilitumika chini ya ile nsinga, waya ya juu ya treni, miaka yote. Siwezi kukosa kujua." Halafu akasema, akiangalia jicho la kijani, "Angekuoa, ungepanda naye. Sasa ningekuwa nasikiliza communiqué mi mwenyewe, ya kusema ulikufa mu njia."

Watu walikuwa wamekufa njiani, hilo lilikuwa kweli, na majina yao tulikuwa tumeyasikia kwenye redio ile. Nilimwekea chakula, naye akala, na nyumba yetu ikaendelea, kama nyumba zinavyoendelea.

Mvua zilikuwa zimekatika siku niliposikia jina langu. Tata alikuwa kwenye kiti chake, mimi sakafuni, nasahihisha madaftari ya watoto. Msomaji wa Kasai alikuwa anasoma kwa Tshiluba, lugha ambayo sikuijua zaidi ya salamu, na katikati ya maneno yake nikasikia: Kabwit, Kolwezi. Kabwit ni mimi. Nikasikia pia Kalala. Kalamu iliniponyoka. Msomaji alisema maneno mengine, si mengi, akapita kwa mtu mwingine. Nilingoja arudie kwa Kifaransa, hakurudia.

"Tata, banasema nini?"

Tata alikuwa amekwisha kuinuka. "Sikusikia muzuri," alisema, akatoka uani, na fimbo yake akaiacha ndani.

Nilikimbia nje. Nilikwenda nyumba ya kwanza iliyokuwa ya watu wa Kasai, na mlangoni akatoka mwanamke nisiyemjua. Nilikwenda ya pili, ya mwisho wa njia, ya fundi cherehani. Katika mtaa ule, ambao zamani ulinizidi kwa Tshiluba, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia maneno yale maana yake nini. Na hata kama angekuwapo, ningemwambia nini? Nilikuwa nimeshika majina tu. Nilisikiliza kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mwaka ukaisha. Jina langu halikurudi. Nilijiambia labda ilikuwa habari kwamba amefika. Halafu nilijiambia labda ilikuwa habari kwamba ameoa. Baadaye nami niliolewa na mwalimu mwenzangu, mtu mwema, ambaye sasa ni marehemu, na tata alipokufa niliomba kitu kimoja tu katika nyumba yake.

Tshibola alimaliza chakula chake polepole. Aliniambia kwamba katika behewa lao kulikuwa na mtu mwenye transista ndogo, na kwamba njia nzima ililia, nyuki watupu, mpaka Kamina. Pale Kamina ndipo waya wa umeme unapoishia. Waliondoa mashine ya umeme, wakafunga ya mafuta, na ile transista ikanyamaza kulia, ikaanza kuimba. Kalala alisimama katikati ya watu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akacheka mpaka mama yao akaogopa.

"Alikuandikia communiqué," Tshibola alisema. "Aliiandika mu Kifaransa, balee ba redio njo baligeuza. Mi nilikuwa nayo ku kichwa miaka yote, maana aliirudilia kila siku." Akaweka mikono mezani, akaisema kwa Tshiluba, kama msomaji, kisha kwa Kiswahili chetu: "Kabwit wa Kolwezi. Kalala anasema: ni antena. Igeuze, isifuate reli. Umuambie tata kazi yake imeisha. Minangojea neno yake, nikuye."

Nilimuuliza aliingoja mpaka lini.

"Sana. Kila magaribi alitafuta stesheni ya Shaba, kama mutamujibu. Mama alimuambia, labda redio yabo ingali inalia, habakusikia. Alisema, labda." Tshibola alivua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Alipooa, aliwacha kusikiliza."

Alipoondoka nilikaa mbele ya rafu. Nimemfikiria tata kwa miaka mingi kama mtu aliyenichelewesha, na nilikuwa nimemsamehe kuchelewesha, kwa sababu alipanda ile ngazi. Sasa nafikiria salamu yake kwa Kalala siku ya kwanza, jinsi ilivyotoka mdomoni bila kujikwaa, na miaka yote aliyoketi juu ya nguzo na watu wa Kasai wakitaniana kwa lugha yao. Nafikiria fimbo aliyoiacha ndani. Tata aliniambia hakusikia vizuri, nami nilimwamini, maana nilikuwa nimechoka kutomwamini. Lakini waya tulikuwa tumekwisha kuugeuza, taa zilikuwa zimepata moto, jicho la kijani lilikuwa limefumba. Siku ile redio yetu haikuwa na kelele hata kidogo.